Kiti cha Wasuya, Nyundo ya Washana

Mpenzi wa tungo za pwani anajua kwamba aliyeshinda kwa silaha si lazima ashinde kwa masimulizi. Fumo Liyongo aliuawa, na mtawala wa Pate akabaki na enzi yake. Lakini vizazi vilivyofuata vilimwimba Liyongo. Katika milima ya Upare, mbali na bahari, pambano la koo mbili limeacha swali kama hilo, ila jawabu lake ni jingine.

Ugweno, upande wa kaskazini wa milima hiyo, hapo kale ulikuwa chini ya Washana, ukoo wa wahunzi. Chuma chao kilizaa jembe na mkuki, na kilivuka hadi Uchagani kwa biashara. Masimulizi yasema kwamba ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua. Na kwamba mwanawe, Mranga, ndiye aliyeupa utawala mpya taratibu zake: mabaraza, ngazi za wakuu, na jando la msituni lililowaweka vijana wa koo mbalimbali chini ya mtawala mmoja. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliyakusanya masimulizi ya koo za milima yote katika miaka ya 1960, na mwaka 1969 akatoa kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare.

Simulizi ya asili ni hati ya kumiliki. Kila upande hujitungia mwanzo unaohalalisha mahali ulipofika. Yumkini hata kumpa Mranga peke yake sifa ya taratibu zote ni desturi ya wasimulizi, ambao huikusanya kazi ya vizazi katika jina moja likumbukwe kwa wepesi. Hata hivyo, hati ya Wasuya ina jambo la ajabu: haikuweza kumfuta adui. Anayejisifu kuwa amewashinda wenye chuma hana budi kukiri kwanza kwamba chuma kilikuwa chao. Tena, aliyepindua utawala bado alihitaji jembe msimu wa kupanda. Washana walipoteza kiti wakabaki na nyundo na mivukuto, na kwa hiyo wakabaki ndani ya hadithi ya mshindi wao.

Kwamba masimulizi haya hayakuwa mapambo ya jioni, wakati wa ukoloni ulithibitisha. Waingereza walipotawala kupitia watemi wa kienyeji, nasaba ya mtawala, iliyokuwa ikisimuliwa motoni, ikawa sifa ya kazi ya serikali. Kisha ikaletwa kodi iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu, na watemi wakatakiwa kushiriki katika kuipima mali hiyo. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, kuipinga. Harakati hizo hujulikana kwa jina la Mbiru, na hatimaye kodi hiyo iliachwa. Kiti kilikuwa na asili yake tangu zamani. Lakini asili hiyo haikutosha kumpa mwenye kiti ruhusa ya kuhesabu ng'ombe wa jirani kwa ajili ya serikali ya wageni. Mababu wa mtawala waliweza kusimuliwa vizuri, na bado watu wakakataa kulipa.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, mamlaka ya watemi yalifutwa nchini Tanganyika. Ugweno sasa uko katika Wilaya ya Mwanga, iliyotengwa na Same mwaka 1979, na wakuu wake hawatokani tena na ukoo. Kiti cha Wasuya kimebaki katika vitabu na katika vinywa vya wazee. Jina la Mshana lingalipo, milimani na mijini, na Mpare alisikiapo hukumbuka mara moja mlio wa nyundo.