Kiwango Rejea cha Dozi

Mtu anayeumwa na jino mjini Kakamega akiambiwa apigwe eksirei, aghalabu huuliza kama mionzi hiyo haitamdhuru. Wengi hudhani sheria imeweka kikomo ambacho daktari haruhusiwi kukivuka. Kwa mgonjwa, kikomo hicho hakipo.

Vikomo vya dozi wamewekewa watu wengine. Mhudumu wa eksirei hatakiwi kuzidisha milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Raia wa kawaida, milisiveti 1, matibabu yake mwenyewe yakiwa kando. Mgonjwa hakuwekewa, kwa sababu akipewa dozi ndogo kupita kiasi, mzizi wa gego hauonekani, naye hupigwa upya. Ndiyo maana mwaka 1996 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilileta dhana inayofaa kuitwa kiwango rejea cha dozi. Kusema “kiwango salama” kunapotosha, kana kwamba chini yake hakuna athari yoyote na juu yake ni maangamizi.

Kiwango hiki hupatikana kwa kupima. Wataalamu hupita kliniki nyingi wakipima dozi ya picha ileile, tuseme ya gego la chini la mtu mzima. Majibu hupangwa kuanzia dogo hadi kubwa, na namba ambayo robo tatu ya kliniki hazikuizidi ndiyo rejea. Uingereza ilifikia miligrei 1.2 kwa mtu mzima na 0.7 kwa mtoto.

Kliniki inayozidi hapo kila mara haijavunja sheria, ila inapaswa kujikagua. Huenda dawa ya kusafishia filamu imechakaa, picha zinatoka hafifu, na mhudumu anafidia kwa kurefusha muda wa mionzi. Au, jambo baya zaidi, mtoto amepigwa kwa kipimo cha mtu mzima kwa sababu hakuna aliyegeuza swichi.

Nchini Kenya, leseni na ukaguzi wa mashine hizi ni kazi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kuchukua nafasi ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi. Lakini haifai kuazima tu namba za Uingereza, kwani zilitokana na mashine za huko na mazoea ya huko. Kliniki za Kakamega, zikiwamo zinazotumia filamu na zinazotumia vihisi vya kidijitali, zinastahili kupimwa zenyewe, na dozi za watoto ziandikwe peke yake.