Memnon, shujaa mweusi aliyepewa sanamu isiyo yake

Mwaka 2018, BBC na Netflix walipompa mwigizaji mweusi wa Uingereza, David Gyasi, nafasi ya Achilles katika tamthilia ya vita vya Troy, zogo liliibuka. Zogo lote lile lilimpita Memnon, mfalme wa Waethiopia, ambaye mshairi wa Kirumi Virgil alimwita mweusi waziwazi.

Homer anamgusa tu: alimuua Antilochus, mwana wa Nestor, na hakuwa na mfano kwa uzuri wa sura. Hesiod anatupa nasaba: mama ni Eos, mungu wa alfajiri, baba ni Tithonus, wa ukoo wa kifalme wa Troy. Herodotus anauita Susa, kule Uajemi, mji wa Memnon. Habari zake kamili zilikuwa katika Aethiopis, utenzi unaonasibishwa na Arctinus wa Miletus. Utenzi wenyewe umepotea, ukabaki muhtasari: baada ya kifo cha Hector, shujaa wa Troy, Memnon anakuja kuinusuru Troy, anauawa na Achilles, na Zeus anamjalia uhai wa milele kwa maombi ya mama yake. Ovid anaongeza kwamba umande ni machozi ya Eos.

Kilichompa umaarufu zaidi ni jiwe. Karibu na Luxor, Misri, zimekaa sanamu mbili za Farao Amenhotep III, zenye urefu wa mita 18 hivi. Tetemeko la mwaka 27 KK liliipasua ya kaskazini, nayo ikaanza kutoa sauti kulipokucha. Wageni wakasema ni Memnon anamwamkia mama yake. Mwanajiografia Strabo aliisikia, akashuku kuna mtu pale chini anayeitoa. Mwaka 130 alifika Kaisari Hadrian na mkewe Sabina. Sanamu ikanyamaza asubuhi ya kwanza, na mshairi Julia Balbilla akakitetea kimya hicho kwa beti zilizochongwa mguuni pa sanamu.

Msafiri wa Kigiriki Pausanias aliifananisha sauti hiyo na uzi wa kinubi unaokatika. Aliandika pia kwamba wenyeji walikana: huyu si Memnon, ni Phamenoph (yaani Amenhotep), mtu wa kwetu. Hawakusikilizwa. Baadaye sanamu ilikarabatiwa, sauti ikakoma, lakini jina la kubandikwa halijabanduka hadi leo.

Hiyo ni dhuluma mara mbili: Farao kanyang'anywa jina, na Memnon kaachiwa jiwe badala ya utenzi wake. Walimu wa fasihi wanaowasomesha vijana wetu habari za Achilles na Hector, wamtaje na yeye.