Baada ya Hija, Bahari: Kutoka Santiago hadi Finisterre

Wasomaji wetu wa hapa Uganda wanaifahamu vizuri hija ya miguu. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, umati wa watu hutembea kwenda Namugongo, na wengine huwa njiani siku nyingi. Katika makala haya tunapenda kuzungumzia hija nyingine, ile ya Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, na hasa swali moja: kwa nini mahujaji wengi, wakishafika, huenda tena pwani kwa siku moja?

Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Tulitembea sehemu ya mwisho tu ya njia, kutoka mji wa Sarria, zaidi ya kilomita 100. Tuliingia Santiago tukichechemea, tukapokea vyeti vyetu, tukadhani tumemaliza. Kesho yake asubuhi tuliamka mapema kama kawaida, lakini hapakuwa na pa kwenda. Miguu ilitaka kupumzika, moyo ulitaka kuendelea. Tukapanda basi la Finisterre, umbali wa kilomita 90 hivi.

Tuanze na historia. Kaburi linaloaminika kuwa la Mtume Yakobo liligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 9, wakati wa Askofu Teodomiro na Mfalme Alfonso wa Pili. Ujenzi wa kanisa kuu la sasa ulianza mwaka 1075. Ifahamike kwamba kwa hujaji wa zama hizo, kufika kaburini kulikuwa nusu ya safari tu. Aliyetoka Ufaransa au Ujerumani alipaswa kurudi kwao kwa miguu ile ile. Ushahidi wake ulikuwa kombe bapa la baharini, lenye mistari iliyotawanyika kama vidole. Codex Calixtinus, kitabu cha karne ya 12, kinataja makombe hayo yakiuzwa karibu na kanisa. Hivyo hata ambaye hakuiona bahari alirudi na kipande chake.

Baadhi yao waliendelea hadi baharini. Jina Finisterre linatokana na Kilatini, finis terrae, yaani mwisho wa nchi. Kwa watu wasiojua kwamba ng'ambo ya maji hayo kuna bara jingine, jina hilo halikuwa fumbo. Wavuvi wa huko walikuwa na sababu nyingine ya kuiogopa bahari hiyo: ufuo wake huitwa Costa da Morte, Pwani ya Mauti, kwa wingi wa vyombo vilivyozama. Mwaka 1890 manowari ya Uingereza iitwayo Serpent iligonga miamba karibu na Camariñas, wakanusurika mabaharia 3 tu.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 1985 mahujaji waliosajiliwa Santiago hawakufika 1,000. Mwaka 2023 walizidi 440,000. Wengi hurudi makwao kwa ndege. Kwa maoni yetu, kilichopotea ni ile safari ya kurudi, wiki nyingi ambazo hujaji alizitumia kuyatafakari aliyoyapata kabla hajakutana tena na jirani zake. Siku moja ya pwani imejaribu kuziba pengo hilo.

Penye mnara wa taa, uliojengwa mwaka 1853, kuna nguzo ya jiwe inayoonyesha kilomita sifuri. Watu walikaa juu ya miamba, viatu wamevua, hawasemi neno. Wataalamu wa jiografia watatukumbusha kwamba hapo sipo mwisho wowote: ncha ya magharibi kabisa ya Ulaya bara ni Cabo da Roca, nchini Ureno. Lakini hakuna aliyekuwa akipima. Sisi tunaotoka nchi isiyo na bahari tuliduwaa zaidi ya wote.

Hapo tuliikumbuka Bagamoyo. Wapo wanaosema jina hilo ni kilio cha waliotekwa, walioacha mioyo yao pale kabla ya kuvushwa bahari. Wapo wanaosema ni pumziko la wapagazi waliotembea miezi mingi kutoka bara, wakafika pwani, wakabwaga mizigo na wasiwasi wa njiani. Maelezo yote mawili yanakubaliana kwa jambo moja: njia ndefu ya miguu ikifika kwenye maji, mwanadamu hulazimika kuutua moyo wake, kwa hiari au kwa nguvu.

Walimu wenzetu, mnapofundisha maneno hija, safari, matembezi na ziara, waulizeni wanafunzi ni lipi kati ya hayo lina kurudi ndani yake. Sisi tulirudi Santiago kwa basi la jioni, na katika mifuko yetu mlikuwa na mchanga.