Makarani wa New Street

Nimefanya kazi ya ukarani miaka 31, na kila nikipita Mtaa wa Lumumba pale Kariakoo, akili yangu huenda kwenye meza. Naona kidau cha wino, daftari la ada, na mtu aliyekwisha kuandika barua za mzungu kutwa nzima, jioni ameketi tena kuandika muhtasari wa kikao cha wenzake. Hiyo ya jioni haina mshahara.

Mtaa huo zamani ukiitwa New Street. African Association iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na ofisi yake ikajengwa hapo na wanachama wenyewe kwa kujitolea. Rais wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, Mkristo. Katibu alikuwa Kleist Sykes, karani wa reli, Mwislamu. Baba yake Kleist, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na Hermann von Wissmann kuwa askari wa Wajerumani. Kleist naye alipigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa Wajerumani, chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck. Mjini hapa hakuwa na chifu wa kumsemea. Naamini hilo lilimsaidia kuona kwamba chama kinachofaa ni cha Waafrika wote, si cha kabila.

Tanga walikuwa wametangulia. Mwaka 1922 Martin Kayamba na watumishi wenzake wa serikali waliunda chama chao huko, Waislamu na Wakristo pamoja.

Wapo wanaowaona wazee hawa waoga, kwa kuwa hawakudai uhuru tangu mwanzo. Hainiingii akilini. Mimi niliwahi kupewa barua ya uhamisho asubuhi nikatakiwa niondoke siku ya tatu, kisa nilihoji malipo ya wenzangu. Nilitetemeka, na hiyo ni nchi huru. Wao walikula mkate wa serikali ileile waliyoinong'onea. Hata hivyo walikusanya ada, wakatunza majalada, wakafundishana kuitisha mkutano, kupiga kura, kuandika dai likaeleweka. Kazi ya chama ni hiyo hasa, na haifundishwi kwa siku moja.

Mwaka 1948 jina likawa Tanganyika African Association, TAA. Agosti 1953 serikali ikatoa waraka kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Waliolengwa ndio hao hao waliokibeba chama tangu mwanzo! Bado, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilizaliwa kutoka TAA, katika nyumba ile ile ya New Street. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu Pugu, na mwaka 1955 aliiacha kazi hiyo.

Kleist hakuiona siku TANU ilipozaliwa, alifariki 1949. Kadi namba 1 ya TANU ilikuwa ya Nyerere. Namba 2 ilikuwa ya Ally Sykes, mwanawe Kleist.