Yiwu, mji wa wachuuzi

Jamaa yangu mmoja kapata kazi kwa wakala wa mizigo kule Yiwu, China, na juzi kaniuliza maisha ya huko yakoje. Alitaka bei za vyumba na habari za unga wa ugali. Hayo nikamwambia awaulize Wabongo walioko huko, mimi nina historia tu. Akaguna. Basi nimeamua kuiandika hapa.

Yiwu si Beijing wala Shanghai. Ni mji wa kati jimboni Zhejiang. Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu milioni 1.9, wengi wao wakiwa wahamiaji. Zamani ardhi yake ilikuwa duni. Ndiyo maana wakulima, shamba likilala wakati wa baridi, walibeba mizega yenye sukari ya kienyeji na kupita vijijini wakipiga vigoma vya mkononi, wakibadilisha sukari kwa manyoya ya kuku. Manyoya mazuri yalitengenezewa mafagio ya kufutia vumbi, mabaya yakawa mbolea.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976. Biashara ya mtu binafsi ikaitwa mkia wa ubepari, na mkia ulikuwa wa kukatwa. Watu waliendelea kuuza kwa kujificha, wakikamatwa wananyang'anywa mali. (Uliyewahi kuona machinga akikimbizwa na mgambo huhitaji maelezo.)

Hata Mao alipokuwa ameshafariki, wachuuzi wa Yiwu walizidi kufukuzwa. Mwaka 1982 mama mmoja, Feng Aiqian, akachoka. Alimfuata katibu mpya wa chama wa wilaya, Xie Gaohua, akamuuliza kwa nini wanazuiwa kutafuta riziki. Xie angeweza kumweka ndani. Badala yake alimsikiliza, na Septemba mwaka huohuo soko la bidhaa ndogondogo likafunguliwa rasmi, naye akijua kwamba mambo yakiharibika cheo chake ndicho kitakachoondoka. Mimi huyu mama ndiye ninayempenda zaidi katika hadithi hii, ingawa sifa nyingi alipewa katibu.

Soko la leo, ambalo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2002, lina vibanda zaidi ya 75,000. Vibanio vya nywele, maua ya plastiki, midoli: ukitembea Kariakoo, umeshaiona Yiwu.

Sasa rafiki yangu ategemee nini? Kwanza, baridi ya ndani ya nyumba. Miaka ya 1950 serikali iliamua kwamba mitambo ya kupasha joto mijini iwe kaskazini mwa mto Huai. Yiwu iko kusini, kwa hiyo Januari watu wanakaa sebuleni na makoti.

Pili, polisi. Mgeni anayepanga nyumba lazima ajiandikishe ndani ya saa 24. Asidhani anaonewa yeye peke yake. Tangu 1958 Wachina wenyewe wanaishi na hukou, daftari linalomfunga mtu na mahali anapotoka. Masharti yamelegezwa sana, lakini kijana wa Guizhou anayefunga maboksi Yiwu bado anaweza kupata taabu kumwingiza mwanawe shule ya serikali pale.

Jamaa anaondoka mwezi ujao. Nimemwambia abebe sweta mbili, na akifika akatafute kule Huqingmen, soko lile la kwanza lilipoanzia, anipigie picha.