Mbegu Iliyopimwa Mbele ya Ugonjwa

Katika milima ya Masisi, Lubero na Rutshuru, viazi mviringo, ambavyo wengi wetu tunaviita birayi, ni chakula cha nyumbani na tena ni fedha ya karo. Tunavila na kuviuza bila kuuliza vilitoka wapi. Lakini kila aina ya kiazi inayosimama imara wakati wa mvua kubwa ina historia ndefu nyuma yake, nayo ni historia ya watu waliojifunza kutoliamini jibu la haraka. Tuitafakari pamoja.

Historia hiyo inaanza na msiba. Mwaka 1845, maskini wa Ayalandi waliishi karibu kwa viazi peke yake, na hasa kwa aina moja iliyoitwa Lumper, kwa kuwa ilizaa vizuri hata katika udongo duni. Tukumbuke kwamba mkulima hupanda kiazi chenyewe, wala hapandi mbegu inayotokana na ua. Kwa hiyo mimea yote ya aina moja ni kama pacha, na pigo linalomwangusha mmoja huwaangusha wote. Ulipofika ugonjwa tunaouita leo mildiu, majani yaligeuka meusi kwa siku chache, na viazi vikaoza ardhini. Hadi mwaka 1852, watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyoandamana nayo, na wengine milioni moja au zaidi walikuwa wameihama nchi yao. Ugonjwa wa mmea haukuua peke yake: umaskini, kodi za mashamba na serikali iliyoacha chakula kiendelee kuuzwa ng'ambo vilishiriki kuua.

Wataalamu wengi wa wakati ule walisema kwamba viazi vilioza kwa sababu ya hali ya hewa, na kwamba ule ukungu mweupe chini ya majani ulikuja baadaye. Mwaka 1846, Miles Joseph Berkeley, kasisi wa Kianglikana aliyezoea kuchunguza mimea kwa darubini, alishikilia kinyume chake: ukungu ule ndio chanzo. Wengi walimpinga. Ni mwaka 1861 tu Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha jambo hilo kwa majaribio. Tangu hapo adui alijulikana, lakini dawa ya kumzuia haikuwa imepatikana bado.

Mwaka 1906, huko Uingereza, daktari Redcliffe Salaman, aliyekuwa ameacha kazi ya hospitali kwa sababu ya kifua kikuu, alianza kuchunguza viazi katika bustani yake. Anasimulia mwenyewe kwamba aliyemshauri kuchagua kiazi ni mtunza bustani wake. Yeye na wengine waliomfuata waligundua kwamba viazi mwitu vya Mexico, vidogo visivyofaa sokoni, havikuugua mildiu. Wakachukua chavua ya mmea mmoja na kuipaka kwenye ua la mwingine, ili nguvu ya kiazi mwitu iingie katika kiazi cha shamba.

Mwanzoni ilionekana kwamba vita vimekwisha. Jeni moja tu kutoka kwa kiazi mwitu ilitosha kuufanya mmea usiguswe kabisa. Lakini ushindi ule haukudumu. Kimelea kilibadilika, kikaipita ngao ile, na aina zilizosifiwa zikaanguka baada ya miaka michache. Wataalamu walitambua jeni kumi na moja za namna hiyo, na kimelea kikajifunza kuzikwepa. Mlango wenye kufuli moja hufunguliwa na ufunguo mmoja.

Jibu bora lilipatikana mahali ambapo ugonjwa ulikuwa na nguvu kuliko popote. Katika bonde la Toluca, Mexico, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, mildiu hushambulia kila msimu wa mvua, tena kwa sura nyingi. Mmarekani John Niederhauser na wenzake wa Mexico hawakuukimbia ugonjwa huo. Walipanda viazi mbele yake, navyo viazi vya nchi nyingi vikaletwa kupimwa pale. Hawakutafuta tena mmea usioguswa hata kidogo. Walitafuta mmea unaougua polepole, wenye kinga ndogondogo nyingi zinazosaidiana, ukaweza kuzaa kabla ya kushindwa. Kinga ya namna hiyo haina fahari, lakini hudumu. Mwaka 1990 Niederhauser alipewa Tuzo ya Dunia ya Chakula.

Kazi hiyo hufanywaje? Kila mbegu ndogo itokayo katika tunda la kiazi huzaa mmea tofauti na ndugu zake. Mtaalamu huanza na maelfu ya miche, akaitupa karibu yote. Michache inayobaki hupandwa bila kupuliziwa dawa, karibu na aina dhaifu inayoualika ugonjwa. Kila juma hupima ni sehemu gani ya majani imeharibika. Kisha huuliza mengine: kinazaa kiasi gani? Kinachipua upesi kwa msimu unaofuata? Kina ladha gani sufuriani? Mara nyingi kazi hii huchukua miaka kumi au zaidi. Wahenga walituachia methali mbili, «ngoja ngoja huumiza matumbo» na «haraka haraka haina baraka». Mtafuta mbegu huishi kati ya hizo mbili.

Matunda ya kazi iliyofanywa Mexico yalifika hadi kwetu. Aina iitwayo Cruza 148 ilienea Rwanda, Burundi na Kivu, ikamsaidia mkulima asiye na fedha ya dawa. Burundi waliipa jina Ndinamagara, yaani nina uzima. Ilivumilia mildiu, na hata mnyauko unaoletwa na bakteria. Lakini hapo pana fundisho: kiazi kinachovumilia mnyauko chaweza kubeba bakteria ndani yake bila kuonyesha dalili. Mkulima akikitoa kama mbegu kwa jirani, kwa moyo mwema, humpelekea na ugonjwa. Basi mbegu bora haimwondolei mtu wajibu wa kuchagua mbegu safi, kubadilisha mazao shambani na kung'oa mmea ulionyauka.

Tangu Ayalandi hadi Kivu, tunaona jambo moja: hatari huanza pale watu wote wanapoegemea tegemeo moja na kuacha kulipima. Katika kikao chenu kijacho, waulizeni wazazi na wazee: ni aina gani za viazi walizopanda zamani, zipi zimepotea, na kwa sababu gani? Andikeni majibu yao. Kisha tazameni shamba lililo karibu nanyi, mhesabu ni aina ngapi zimebaki.