Goma: Historia ya chakula cha Birere, mtaa usiolima

Saa kumi na mbili asubuhi moshi wa makala unapanda kati ya nyumba za mbao za Birere. Mama mmoja anageuza mandazi katika karai ya mafuta, jirani yake anakoroga uji wa masosoma, yaani soya, mtama na mahindi yaliyosagwa pamoja. Mbele kidogo chai ya maziwa imekwisha chemka. Toka Petite Barrière, kwenye mpaka na Rwanda, mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi katikati ya mji wa Goma bila kupanda moto, na njia nzima hatakosa mahali pa kula.

Birere ni jina la watu. Wakaaji wanaita hivyo sehemu ya Mikeno, Mapendo, Kahembe na Murara, penye vichochoro vyembamba na nyumba zilizobanana hata moto ukishika moja unaruka kwenye kumi. Kwa Kinyarwanda, ibirere ni majani makavu ya mgomba, na wengi wanalielewa jina la mtaa kwa njia hiyo. Leo mgomba wenyewe hauonekani hapo. Chini ni mawe meusi ya volkano, na jembe halina kazi. Kila kinachopikwa Birere kimeletwa kwa chukudu, kwa lori, kwa mtumbwi au juu ya kichwa cha mama. Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya chakula cha mtaa huu aangalie barabara na ziwa.

Mtu akitaja chakula cha Goma, sambaza ndiyo inayotajwa kwanza. Inakaangwa mpaka ikauke, inatiwa ndimu na pilipili, na kuliwa na fufu ya muhogo au ndizi za kukaanga. Mtoto aliyezaliwa Birere ataapa kwamba samaki hao walikuwa ziwani tangu dunia iumbwe. Sivyo. Ziwa Kivu lina samaki wa asili wa aina chache, na kule katikati, mbali na ufuko, hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Mwaka wa 1959, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vitoto vya samaki vilichotwa katika ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aina mbili zilitakiwa. Moja ilishindwa. Ya pili, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilikaa na kuzaa mpaka ikajaza ziwa. Kwa Kiswahili kusambaza ni kueneza, na samaki huyu hakulikosea jina lake.

Lakini samaki kuwa majini ni jambo moja, kumpata ni jingine. Ilipita miaka mingi mpaka wavuvi wa Kivu walipozoea kumvua kwa namna inayoonekana hadi leo: mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu, wavu unashushwa chini yake, taa inawashwa, na samaki wanafuata mwanga. Ndiyo sababu bei inafuata mwezi. Usiku wa giza beseni zinajaa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mitumbwi inarudi na kidogo, na mama muuzaji anapunguza fungu lake bila kupunguza bei. Mama huyo anajua siku za mwezi kuliko siku za kalenda.

Ukiacha ziwa, tumbo la Birere linategemea milima. Upande wa magharibi, barabara ya Sake inapanda hadi Masisi. Huko ndiko viazi, ambavyo Goma wanaviita birayi, vinakotoka pamoja na maharagi, maziwa na fromaji ya Masisi, ile ya mviringo na rangi ya manjano ambayo msafiri hasahau kuibeba. Upande wa kaskazini, njia ya Rutshuru inaleta mahindi, ndizi na maharagi, pamoja na samaki wa ziwa Eduard kutoka Vitshumbi. Toka Kibumba zinateremka kabichi, mashu kama wanavyosema hapa, juu ya chukudu, lile baiskeli la mti lisilo na pedali linalobeba mizigo ambayo watu watatu hawawezi kuinua. Kuna sanamu yake ya dhahabu katikati ya mji. Anayelisukuma kila siku kwenye mteremko, mguu mmoja ukiwa breki, angefurahi zaidi kupata barabara isiyo na mashimo.

Mpaka nao ni shamba la namna yake. Mwaka wa 1976 Kongo, Rwanda na Burundi zilianzisha jumuiya ya CEPGL, makao yake yakawa Gisenyi. Wakaaji wa miji hii miwili wamezoea kuvuka kwa karatasi ndogo wanayoiita jeton: asubuhi wanaingia na tomati, karoti, vitunguu na maziwa, jioni kila mmoja analala kwake. Wengi wao ni wanawake, na baadhi ni watu wenye ulemavu wanaosukuma baiskeli za magurudumu matatu zilizojaa magunia. Corona ilipofunga njia ya wanaotembea kwa miguu mwaka wa 2020, Birere ilihisi siku ileile, kwa sababu tomati za mchuzi wa jioni zilikuwa zinavuka asubuhi.

Mtaa huu umekwisha pitia makubwa zaidi. Katikati ya mwezi wa Julai 1994, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka. Lava ilikata uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia ziwani, huku mamia ya maelfu ya watu wakikimbilia hasa Gisenyi. Wengi hawakukubali kukaa huko. Baada ya siku chache walirudi wakikuta mawe yangali na joto, na nyumba za mbao zikaanza kusimama juu ya lava. Pamoja na nyumba zikarudi karai za mandazi. Mama aliyepoteza kibanda hakuhitaji kingi ili aanze tena: sufuria, jiko, makala kidogo na fungu la likilimba kutoka kwa wenzake.

Vita ni tofauti na volkano. Lava ilifunika sehemu ya mji lakini haikufika kwenye mashamba ya Masisi. Vita vimefika huko. Tangu mwaka wa 2022 mapigano kati ya jeshi na M23 yalikata kwanza njia ya Rutshuru, na mwanzoni mwa 2024 yakafika Sake. Watu wa milimani walijaza kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo. Barabara ya Minova ilipofungwa, chakula cha upande huo pamoja na abiria vilihamia majini, kuelekea soko la Kituku. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiiona kutoka ufukoni. Wengi walikufa. Ndani yake walikuwemo wachuuzi waliokuwa wanaleta kile ambacho Goma ingekula siku iliyofuata.

Mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliingia Goma. Mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wiki chache baadaye kambi zikabomolewa. Baadhi ya familia zilirudi kwenye vijiji vyao, nyingine zikabaki mjini, zikilala kwa ndugu au kupanga chumba kimoja. Katika vichochoro vya Birere mabadiliko yanaonekana kwenye sahani. Nyama ya mbuzi, michopo, imekuwa ya wachache. Mchuzi unapikwa kwa mafuta ya kupimwa kwa kijiko. Wateja wanaulizia fufu na sombe, au fufu na lengalenga, kwa sababu jani ndilo linalokubali pesa ndogo. Maharagi yana shida yake: ni chakula cha maskini kwa bei, lakini yanakula makala kwa masaa mengi, na gunia la makala si mchezo. Kwa hiyo wengi hawapiki tena nyumbani. Mama mmoja anachemsha sufuria kubwa, majirani wananunua kwa kopo, kila mmoja anakwenda kuongeza chumvi kwake.

Wauzaji nao si walewale. Kati ya wenyeji wa mtaa wapo sasa wanawake waliokuwa na mashamba yao huko Masisi na Rutshuru, ambao hawakuwahi kununua kiazi maishani mwao. Walikuwa wanaviuza kwa gunia. Leo wanavinunua kwa fungu la vitano au sita, wanavikaanga na kuviuza kando ya njia ili wapate franka za chumba. Wanajua kupika birayi kuliko waliozaliwa mjini, na wateja wamekwisha kutambua.

Usiku wa mwezi mpevu, sambaza ikikosekana, mtaa wote unageukia maharagi. Wateja waliotoka milimani hawaanzi kwa kuuliza bei. Wanainama kwanza juu ya beseni, wanachukua punje kiganjani, wanaangalia rangi na ukubwa, kisha wanauliza maharagi hayo yametoka wapi. Mara nyingine jibu ni jina la kijiji chao.